Waya Mfupi wa Stoo ya Kakao

"Koh! Koh! Koh!"

Kikohozi hicho hakikuwa cha mgonjwa. Mzee Asegelile alikuwa anatangaza kwamba anatoka stoo, na yeyote asiyepaswa kuonana naye ajiondoe njiani. Anyes, mkewe, alikuwa amesimama katikati ya ua, mfuniko wa sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Akaugonga mfuniko mara moja. Kule jikoni Brenda, mke wa mwanawe Enoki, akajitupia kitenge kichwani na kugeukia ukuta. Mzee akapita huku akitazama mawingu, akaenda kukaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba. Anyes akagonga mara mbili. Brenda akatoka mbio na kuingia stoo.

Tangu asubuhi ya Ijumaa ile walikuwa wameshabadilishana zamu mara tano, na Anyes alikuwa amechoka kuliko siku ya kuvuna mpunga.

Kwa Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, wala hawasemezani. Pale Kyela mjini wengi walikuwa wameshalegeza, wanakula meza moja na wakwe zao na mvua inanyesha kama kawaida. Lakini Mzee Asegelile, mzee wa kanisa, alisema Injili ilimwondolea pombe tu, heshima haikumwondolea. Naye Brenda, binti wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, alilelewa na bibi mwenye msimamo huo huo. Miaka minne alikuwa kwenye boma lile, na baba mkwe wake hakuwa amewahi kuiona hata pua yake.

Sasa tabu ilikuwa hii. Biashara ilikuwa imeachiwa huru na kila mtu anajaribu chake. Mmoja kafungua banda la video, mwingine anavusha sukari kwa baiskeli, na Enoki akaamua kufungua studio ya kurekodia kwaya ndani ya stoo ya kakao ya baba yake. Akabandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Akaleta kompyuta iliyokwisha kutumika kutoka Lilongwe. Mzee naye, kwa kuona fahari, akapeleka magunia manne ya kakao Kasumulu mpakani, akarudi na mashine ya ngoma, mali ya bendi moja ya Malawi iliyosambaratika. Mashine yenyewe haikuzidi ukubwa wa Biblia ya mimbarini. Ilikuwa na vitufe kumi na viwili vya mpira, na kila kitufe kina ngoma yake. Waliiweka juu ya chungu kikubwa kilichopinduliwa, kazi ya mikono ya Anyes mwenyewe, maana meza ilikwenda kwa kompyuta.

Alhamisi jioni radi ilipiga. Mzee Asegelile, kwa busara zake zote, akachomoa kila waya uliokuwamo stoo. Akachomoa hata waya wa kuanikia nguo uliopita karibu na dirisha. Na aliyesadikika kujua kuzirudisha nyaya za studio, Enoki, alikuwa Mbeya kufuata kaseti tupu. Ijumaa asubuhi akapiga simu dukani kwa jirani yao Hebroni: mto umejaa, mabasi yamelala Tukuyu, atafika kesho mchana akijaliwa.

Kesho hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, kwaya ya Makwale ilikuwa inakuja na lori, watu ishirini na wanane, kurekodi kaseti yao ya kwanza. Mwalimu wao Ambwene alikuwa ametuma salamu mapema: wakikuta mambo hayajakaa sawa, lori linanyoosha Kasumulu, linavuka mpaka hadi Mzuzu, kwenye studio yenye zulia.

Na wakienda, basi. Mwezi uliopita Enoki alimnong'oneza mkewe, akidhani mama yake amelala: "Makwale wakitukimbia, tunafunga. Tunahamia Lilongwe kwa kaka yako." Anyes hakuwa amelala. Tangu siku ile kila alipombeba Tumpale, mjukuu wake wa miaka miwili, alimshika kama chungu kibichi ambacho hakijaingia motoni. Wakihama, boma litabaki na yeye, mzee, na kile kikohozi. Alikuwa anaogopa, na hakuona aibu kukiri hivyo.

*

Ukweli ambao mzee hakuujua ni huu: Enoki alikuwa na jina la ufundi, ila ufundi wenyewe alikuwa nao Brenda. Ndiye aliyejifunza kwa kaka yake Lilongwe. Kwa hiyo Brenda alitoka stoo akipangusa jasho, akamwambia mama mkwe wake:

"Mama, nimeunganisha tena. Mwambie baba asiguse waya wowote. Hata mmoja. Apige vitufe tu, wewe uangalie kioo cha kompyuta. Kila pigo, kataa kadogo ka kijani kanawaka pembeni."

Anyes akaenda mbele ya nyumba.

"Mkweo anakusalimu," alisema. "Anasema nyaya zimekaa vizuri, na wewe nawe ukikaa vizuri Mungu atatenda."

"Mwambie ndaga fijo, asante sana," Mzee akajibu, akainuka kwa ajili ya zamu yake. "Koh! Koh!"

Msimlaumu Anyes. Miaka minne alikuwa mdomo kati ya watu wawili, na kazi hiyo ina ustadi wake. Neno "asiguse" halitoki kwa mkwe likafika kwa baba mkwe hivi hivi, bila nguo. Neno kali linaingia huku, linatokea kule limelainika, na watu wanalala kwa amani. Hivyo ndivyo alivyoliendesha boma lile.

Mzee akapiga. Na alijua kupiga! Kwaya ya Makwale aliifundisha ngoma yeye, miaka ishirini, kabla magoti hayajamgomea. Mapigo ya nyimbo zao yalikuwa vidoleni mwake na hayakuwa pengine popote. Spika zikanguruma, kuku wakatawanyika, Tumpale akacheza uani bila nepi. Lakini kwenye kioo hakuna kitu. Kataa ka kijani kamelala fofofo.

"Hakuna," Anyes akatangaza.

"Lakini si unasikia?"

"Nasikia. Kompyuta ndiyo haisikii."

Zamu ikabadilika. Brenda akaingia, akainama nyuma ya mashine, akatoka amepauka.

"Mama, labda nina malaria. Nimeziacha nyaya zimekaa vile, nazikuta zimekaa hivi. Mara ya sita sasa. Au kuna mtu hatutakii mema?"

"Ziunganishe tena," alisema Anyes. Aliona tayari mizigo ikipakiwa kwenye basi la Lilongwe, na Tumpale dirishani akipunga mkono.

*

Zamu ya saba Anyes alimpelekea mzee chai stoo bila kugonga mfuniko. Akamkuta kapiga magoti, makalio juu, kichwa nyuma ya chungu.

"Unafanya nini huko?"

"Shh! Funga mlango." Mzee akajiinua na nyaya mbili mkononi. "Huyu mtoto anachanganya mambo. Tazama mwenyewe."

Waya ulitoka nyuma ya kompyuta, ukagawanyika vichwa viwili vya mviringo, kila kichwa kina meno matano. Kimoja kimeandikwa IN, kingine OUT. Na mgongoni mwa mashine kulikuwa na matundu mawili: MIDI IN na MIDI OUT.

"Kichwa cha IN anakitia tundu la OUT," Mzee akasema kwa huruma. "Na cha OUT kwenye IN. Kila nikija nakuta hivyo. Mimi narekebisha kimya kimya, nisimwaibishe."

Anyes akaweka kikombe chini. "Mara ngapi umerekebisha?"

"Mara zote."

"Asegelile!"

"Sasa nimwache akosee? Kanisani wanaume wana upande wao, wanawake upande wao. IN na IN, OUT na OUT. Mimi nilikuwa karani wa stoo kule Kitwe, mgodini. Milango yote iliandikwa hivyo. Ukipita OUT wakati wa kuingia, umefukuzwa kazi. Kiingereza hiki nilikisoma kabla babake hajaoa."

Anyes akakaa juu ya gunia. Siku nzima mmoja anatengeneza, mwingine anatengua, na kila mmoja ananyamaza kwa kumheshimu mwenzake. Akataka kucheka, akataka kulia, mwishowe akabeba chai ile ile akainywa yeye.

Kule jikoni Brenda alipoelezwa alijiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Yesu wangu! Nimkosoe baba? Mama, heri Makwale waende Mzuzu."

"Heri nini?" Anyes alipaza sauti hadi sufuria ikaitika. "Heri uniondolee mjukuu wangu? Kwetu Ikombe, kwa wafinyanzi, chungu kikiwa na ufa tunasema kina ufa. Nipe maneno yenyewe. Safari hii nayabeba kama yalivyo."

Brenda akampa. Anyes akavuka ua akiyatamka midomoni yasimwagike, akasimama mbele ya mumewe.

"Anasema umekosea. Kinachotoka kwa mmoja kinaingia kwa mwingine. Mdomo hauongei na mdomo, unaongea na sikio. Kichwa cha IN ni sikio la kompyuta, kwa hiyo kinakwenda kwenye OUT, ambao ni mdomo wa mashine. Na anasema usiguse tena."

Mzee Asegelile akavimba. "Kasema hivyo? Kwa maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo. Ya nyuma yote nilitia sukari. Hata yale kwamba anapenda unavyoimba alfajiri. Hakusema hivyo. Alisema unamwamsha mtoto."

Jogoo wa jirani akawika mara mbili bila kujibiwa.

"Kumbe," Mzee akasema hatimaye, polepole. Akautazama waya. "Sasa sauti ya ngoma inapitaje humu, mbona mwembamba hivi?"

"Haipiti. Anasema waya huu haubebi sauti. Unabeba habari tu: kitufe gani kimepigwa, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Kompyuta inaziandika."

"Kama wewe."

"Kama mimi. Ila wenyewe hautii sukari."

Mzee akapiga magoti tena, magoti yake yakalalamika, akazirudisha nyaya alivyotaka mkwe. Akagonga kitufe kimoja kwa kidole gumba. Kataa ka kijani kakameta.

"Haleluya!" Anyes alipiga kelele.

*

Haleluya ikawahi. Kuwaka taa ni jambo moja, kurekodi ni jingine. Ili kompyuta iandike, mtu abonyeze duara jekundu kwenye kioo wakati huo huo mzee anapiga. Mzee hawezi yote mawili. Brenda hawezi kuwamo. Akabaki Anyes, na kidole cha Anyes ni cha mfinyanzi. Alibonyeza mausi ya kompyuta kama anabandika udongo, mara mbili kila mara, kurekodi kukaanza na kukaisha hapo hapo. Brenda alimwelekeza kwa kupiga kelele kutoka jikoni. "Moja, mama! Bonyeza moja!" Hadi giza linaingia walikuwa wamerekodi wimbo wenye urefu wa chafya.

"Kompyuta iende chumba kingine," Mzee akasema.

"Waya wenyewe mita mbili."

"Basi mashine iende."

"Waya ni ule ule, baba Enoki."

Anyes alilala na mawazo. Jumamosi alfajiri alifungua sanduku, akatoa vitenge viwili alivyoletewa kutoka Karonga siku ya mahari, vya majogoo makubwa mekundu, akaanza kuvishona pamoja. Alikuwa hajamaliza upindo lori la Makwale lilipopiga honi.

"Mugonile!" Mwalimu Ambwene alisalimia, akiruka chini kwanza. Alikuwa mtu mfupi mwenye tai, na macho yake yalikwenda moja kwa moja stoo. Akachungulia, akaona trei za mayai, chungu kilichopinduliwa, na Anyes juu ya stuli akigongelea vitenge kwenye boriti kwa kisigino cha kiatu. "Mama, hii ndiyo studio? Studio ya pazia? Mzuzu wana zulia."

"Zulia linapiga ngoma?" Anyes aliuliza, misumari mdomoni.

Wanakwaya wakacheka. Ambwene hakucheka. Aliangalia saa na kumwambia dereva asizime injini. Anyes akaharakisha kugongelea misumari, mlio wa injini ukimfuata.

Pazia likaning'inia katikati ya stoo, kutoka ukuta hadi ukuta. Brenda akaingizwa kwanza, kajifunika, akakaa kwenye kompyuta. Ndipo Mzee akakohoa, akaingia, akaketi upande wake, akajikuta anatazamana na jogoo. Waya ulipita chini ya upindo, umelala sakafuni, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Anyes alisimama mwishoni mwa pazia, pale anapowaona wote wawili. Wanakwaya wakajazana mlangoni, shingo juu ya shingo.

"Mwambie niko tayari," Brenda alinong'ona.

"Yuko tayari," Anyes akasema.

"Mwambie naanza," Mzee akasema.

"Anaanza."

Mzee akaanza. Vidole vya yule mzee, jamani! Wanakwaya wa mlangoni walianza kuyumba bila kujijua. Ubeti wa kwanza ukapita kama siagi. Ubeti wa pili, pale nyimbo za Makwale zinapopinda ghafla, kidole chake cha shahada, chenye baridi yabisi, kikakawia. Tap! Pigo likaanguka nje ya mahali pake, peupe kabisa, kila mtu akalisikia. Mzee akaendelea hadi mwisho, akatoa mikono vitufeni, akaiweka mapajani. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Mlangoni Ambwene alisafisha koo.

"Mzee wetu," alisema kwa upole ule unaouma, "umri nao. Si vibaya. Mzuzu mashine zinajipiga zenyewe."

Anyes alimwona mumewe akiinamisha kichwa mbele ya watu aliowafundisha yeye mwenyewe, akatamani kumrukia Ambwene na ile tai yake. Upande wa pili akamwona Brenda. Kwenye kioo mapigo yote yalikuwa yamejipanga kama punje za mpunga, na punje moja imekaa kando. Brenda akaishika kwa mausi. Akaisogeza kidogo tu, upana wa ukucha. Hakumwambia Anyes neno lolote la kupeleka. Akabonyeza.

Mashine ikaanza kujipiga. Mzee akarusha mikono juu kama mtu aliyekalia siafu. Ngoma zake mwenyewe zilimjia, habari zilezile alizozituma zikirudi kwa kichwa cha pili cha waya, na kioo kidogo cha mashine kikihesabu. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Ile kona ya hatari ikafika, na pigo likaanguka pale pale linapotakiwa, safi, kama alivyolipiga ujanani.

Ambwene akakunja uso. "Si palikuwa na kosa hapo?"

"Kosa gani?" Anyes akamgeukia. "Masikio yamekuchoka kwa mtikisiko wa lori. Mwambie dereva wako azime injini, tunapoteza muda."

Wanakwaya walitazamana. Mama mmoja mnene wa sauti ya kwanza akaanza kuimba bila kungoja, wengine wakadakia, na huko nje injini ikazimwa.

Mzee Asegelile alikaa akilitazama jogoo lake. Alijua alikosea. Aliyelisahihisha kosa lake alikuwa hatua moja tu kutoka alipo, na hakulitangaza kwa yeyote. Akamwashiria Anyes ainame.

"Mwambie..." akaanza. Akakohoa, na safari hii kilikuwa kikohozi cha kweli. "Mwambie kwamba..."

"Nimwambie nini?"

"Basi. Acha."

*

Enoki alifika saa nane, tope hadi kiunoni, boksi la kaseti kichwani. Alitarajia kukuta ua mtupu. Alikuta watu ishirini na wanane wanakula wali na samaki, na Ambwene, tai begani, anamwuliza Anyes kama Jumamosi ijayo kuna nafasi, maana kwaya ya Ngana nayo imesikia na inataka kuja.

Akakimbilia stoo. Akamkuta baba yake bado yumo upande mmoja, mkewe upande mwingine, na majogoo katikati.

"Hiki nini?" Enoki alishika kichwa. "Baba, tutaonekana vichekesho. Kesho naandika barua Lilongwe."

Anyes alikuwa anaingia na sahani ya wali. Akasimama mlangoni.

"Barua ya nini?" aliuliza.

"Shemeji atutumie waya mrefu. Upo wa mita kumi. Kompyuta tunaihamishia chumba cha pili, Brenda anafanya kazi kule, baba huku. Kazi zitakuwa nyingi, mama, hatuwezi kuendelea na pazia."

Hivyo hawahami. Anyes aliweka sahani chini, akajifuta macho kwa upande wa mwiko aliosahau kuuacha jikoni, akajipaka wali usoni. Hakujali hata kidogo.

"Usiandike," Mzee Asegelile akasema.

"Kwa nini, baba?"

Mzee hakumtazama mwanawe. Alikuwa anautazama waya pale unapopotelea chini ya upindo wa kitenge.

"Huu mfupi unatosha."

Akanyoosha kidole chake kile kile kibovu, akagonga kitufe mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nyuma ya pazia mausi ikabofya, ikabofya tena, na pale chini ya mikono ya mzee mashine ikajibu yenyewe, mara tatu.

Anyes alikuwa ameshafungua mdomo, tayari kupeleka salamu. Akaufunga.